TABORA: PANAPOKUTANA DAGAA WASIOJUANA

Hivi wewe msomaji, ukifika nyumbani ukaambiwa leo mboga ni dagaa, huwa unauliza dagaa gani? Wengi wetu tulio mjini hatuulizi. Dagaa ni dagaa bwana! Ni mboga ya kuanzia tarehe ishirini kwenda mbele, mshahara umeshakata roho na mwenye duka la mtaani ameshabandika kile kikaratasi chake cha "kukopa harusi, kulipa matanga". Unanawa mikono, unamega tonge, maisha yanaendelea.

Sasa kama nawe ni wa kundi hilo, nakushauri uchange nauli uende Tabora. Kule ukisimama sokoni ukasema "nipe dagaa" ukanyamaza, ni sawa na kumdaka konda pale Kariakoo ukamwambia "nipeleke nyumbani". Atakuuliza tu: nyumbani wapi?

MJI WA NJIA PANDA

Nilishuka stesheni ya Tabora alfajiri, macho mekundu na shingo imekakamaa kwa kulala nimekaa. Mji wenyewe hauna papara. Barabara pana, miembe mikubwa ambayo kivuli chake kinatosha kijiwe kizima, baiskeli nyingi, na hewa kavu inayokukausha midomo kabla hujapata chai. Vijana wa Dar wanaopenda kujirusha wanaweza kusema mji umelala. Wamekosea. Huu mji ulishakesha sana zamani.

Karne ya 19, wakati Dar es Salaam haijawa kitu, Tabora ilikuwa ndiyo Kariakoo ya bara. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakatiza Ugogo hadi kufika Unyanyembe, yaani hapa. Wapagazi walibeba mzigo wa frasila mbili kila mmoja, kilo thelathini na ushee, kwa miguu. Kwenda bara ulikuwa vitambaa, shanga na waya. Kurudi pwani ulikuwa pembe za ndovu, na njiani walikuwemo pia binadamu waliofungwa minyororo, jambo ambalo mtu hawezi kulipita kimyakimya anaposimama chini ya ile miembe.

Ukifika hapa njia iligawanyika. Ya magharibi iliteremka kupitia kwenye chumvi ya Uvinza mpaka Ujiji, Ziwa Tanganyika. Ya kaskazini ilikwenda kwenye ziwa jingine, ambalo leo tunaliita Victoria. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliingia Tabora Novemba 1857, enzi hizo kwenye vitabu vyao ikiitwa Kazeh. Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika. Waliporudi Tabora wakiwa hoi, Speke akamwacha mwenzake akijiuguza, akakamata njia ya kaskazini, na Agosti mwaka huo huo akalifikia lile la pili.

Reli nayo ikafuata nyayo za wapagazi. Ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Kwa miaka mingi treni ya kutoka Dar ikifika hapa ilikuwa inakatwa vipande: mabehewa haya Kigoma, yale Mwanza. Kigoma ni kama kilomita 400, Mwanza ni karibu 380. Kwa hiyo Tabora, mji ambao hauna ziwa wala bahari, umekaa katikati ya maziwa mawili makubwa kama mtu aliyekaa katikati ya sahani mbili. Na kila sahani inamletea dagaa wake.

MAFUNGU MAWILI

Nilikwenda sokoni na agizo la shangazi yangu wa Temeke, ambaye ana mgahawa wake wa kina mama ntilie. Aliniambia nisirudi bila dagaa wa Kigoma. Mbele ya mama mmoja wa makamo, kitenge kichwani na kisado mkononi, kulikuwa na mafungu mawili yamewekwa mbalimbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Nikupimie wa Kigoma au wa Mwanza?"

"Kwani tofauti yao nini mama? Si dagaa wote?"

Alinitazama kama mtu aliyemuuliza tofauti ya mume wake na shemeji yake.

"Mwanangu," akasema, "jina lao moja, lakini sufuria inawajua."

Basi nikapewa somo la bure, nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Wa Kigoma, kwa maelezo yake, ni mwembamba, mweupe, anang'aa. Ukimkaanga hana kelele nyingi: unamchambua, unamwosha haraka, unamtia kwenye mafuta ya mawese, nyanya na pilipili, kazi imekwisha. Wa Mwanza ni bapa kidogo, rangi yake ikikauka inafifia, na mara nyingi anakuja na mchanga kwa sababu wengi wao huanikwa chini ufukweni. Huyo unamloweka maji ya moto, unamkata kichwa, unamwosha maji matatu, halafu unamwunga kwa karanga. Na kwa karanga, Tabora haina mpinzani.

"Lakini usije ukamdharau wa Mwanza," akaongeza huku akimpimia mteja mwingine. "Wanaosema ni chakula cha kuku, watoto wao wamekulia huyo huyo."

Kweli bwana, mzigo mwingi wa dagaa wa Mwanza unaishia kwenye mashine za kusaga chakula cha mifugo. Lakini mzigo mwingine ndio unaoshikilia nyumba ambazo nyama wanaiona sikukuu. Bei ya wa Kigoma inampita mbali. Ukiona mtu amenyamaza mbele ya mafungu mawili anajikuna kidevu, jua anapiga hesabu ya mfukoni.

NDUGU NI NANI HAPA?

Sasa shika kiti chako. Wengi tunadhani dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni mtu na mdogo wake: samaki mmoja, maziwa mawili. Wengine hata wanadhani dagaa ni vitoto vya samaki wakubwa. Yote mawili si kweli. Dagaa ni samaki mzima, ana mayai yake, ana maisha yake. Na hawa wa mafungu mawili hawana udugu hata wa kuombana chumvi!

Wataalamu wa samaki wanasema dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao ni wa aina mbili, ni wa ukoo wa heringi na sardini, wale wa kwenye makopo. Ni watu wa asili ya baharini. Ndugu zao wa karibu wako kwenye mito ya Kongo na Afrika Magharibi, na inaaminika mababu zao walipanda kutoka bahari ya upande ule mamilioni ya miaka iliyopita, wakazoea maji baridi, wakasahau chumvi. Dagaa wa Ziwa Victoria yeye ni wa jamii ya samaki wa maji baridi iliyo na ningu, yule ningu unayemjua kama umewahi kukaa Mwanza au Musoma. Kati ya koo hizi mbili kuna umbali mkubwa sana. Kumfananisha mmoja na mwingine kwa sababu wote ni wadogo na weupe ni kama kusema popo na mbayuwayu ni ndugu kwa sababu wote wanaruka jioni.

Alama ipo, ukitaka kumjua mtu na kwao. Chukua dagaa aliyekauka vizuri, asiyevunjika, umtazame pezi la mgongoni. Wa Kigoma pezi lake liko katikati ya mgongo. Wa Mwanza pezi limesogea nyuma, karibu na mkia. Na akiwa mbichi, huyu wa Mwanza ana mkia wenye rangi ya manjano.

Halafu kuna wa tatu. Unguja na pwani nzima kuna dagaa wa baharini, wakiwemo wale wadogo wanaoitwa dagaa mchele. Hao nao ni wa kabila kubwa la heringi. Maana yake nini? Dagaa wa Kigoma, aliye mwisho kabisa wa njia ya misafara, ana udugu na dagaa wa Unguja aliye mwanzo wake, ingawa kati yao kuna zaidi ya kilomita elfu moja za nchi kavu. Na yule wa Mwanza, jirani wa reli moja, ndiye mgeni!

Bado sijamaliza. Pale pale sokoni kulikuwa na migebuka wa kukaushwa kutoka Kigoma, na vipande vya sangara kutoka Mwanza. Majina mbalimbali, sura mbalimbali, hakuna anayewachanganya. Kumbe hao ndio mtu na binamu yake! Migebuka na sangara ni wa jenasi moja. Tofauti ni kwamba migebuka ni mwenyeji wa Tanganyika tangu enzi na enzi, wakati sangara aliletwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950 na 1960. Na kila mmoja kwake kazi yake ni moja: kumtafuna dagaa.

Kwa hiyo kwenye meza moja ya soko la Tabora, wenye jina moja hawajuani, na wasio na jina moja ni ndugu wa damu. Ukitaka kujua ya dunia, nenda sokoni.

JINA LA JIKONI

Nani basi aliwapa jina moja? Si profesa. Ni jikoni na ni mzani. Sisi waswahili hatukuwaita kwa ukoo, tuliwaita kwa kazi: samaki mdogo, anayevuliwa kwa wingi, anayeanikwa juani, anayeliwa mzima na mifupa yake, anayesafiri mbali bila barafu. Anayefanya kazi hiyo ni dagaa. Awe ametoka Ujiji, Ukerewe au Mkokotoni, hatumuulizi cheti cha kuzaliwa.

Na ukitoka nje ya nchi mambo yanageuka kichwa chini. Yule yule wa Mwanza, Kenya anaitwa omena na Uganda anaitwa mukene. Wa Kigoma, Burundi ni ndagala. Mmoja wa wale wawili wa Kigoma alipelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, huko anaitwa sambaza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akapelekwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, huko anaitwa kapenta. Samaki mmoja, majina manne. Jina moja, samaki chungu nzima.

Hata uvuvi wao unafanana. Kote huko ni kazi ya usiku wa giza. Zamani Ziwa Tanganyika waliwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi, baadaye zikaja karabai, siku hizi ni taa za umeme wa jua. Taa inawaita wadudu wadogo wa majini, wadudu wanawaita dagaa, dagaa wanakutana na wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, wavuvi wanapumzika, na siku chache baadaye bei Tabora inapanda. Ndiyo maana pale sokoni kina mama wanafuata mwezi kuliko wanajimu. Unyamwezini tena, ungetegemea nini?

HATA WENYEJI NI HIVYO HIVYO

Mchana nilikodi baiskeli nikaenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka mmoja nyuma. Nyumba ya udongo mwekundu, kuta nene, milango ya kuchongwa. Ndani kuna ubaridi mzuri. Nilikaa pale nikiwaza dagaa wangu.

Jina "Wanyamwezi" lenyewe ni kisa cha namna hiyo. Watu wa pwani waliona misafara inatokea magharibi, upande ambao mwezi mwandamo huonekana, wakawaita wote watu wa mwezi. Huku ndani wenyewe walikuwa Wanyanyembe, Wagalaganza, Wakonongo, na mara nyingine hata Wasumbwa na Wakimbu walifungwa kwenye furushi hilo hilo. Kila mmoja na mtemi wake. Mirambo wa Urambo na watu wa Unyanyembe walipigana vita vikali kuanzia 1871. Ukiwa Bagamoyo ulikuwa unaona "Wanyamwezi" tu wanashusha pembe. Ukifika Tabora unakuta hao Wanyamwezi wana mengi ya kuulizana.

Lakini jina lile halikubaki la kubandikwa. Wenye nalo walilichukua likawa lao, na leo mzee wa Tabora ukimwambia yeye si Mnyamwezi atakufukuza na fimbo. Jina la kazi liligeuka kuwa jina la heshima. Sina ubaya na majina ya jumla, msomaji. Ubaya uko kwa wanaojificha ndani yake.

"HAO SI DAGAA?"

Hapa ndipo penye kasheshe. Isevya nilikutana na kijana mmoja, kamaliza kidato cha nne kama mimi, kazi hakuna, akaamua kujiajiri. Alikopa kwa dada yake, akaongeza vijisenti alivyopata kwa kuuza asali, akamtumia tajiri mmoja pesa kwa simu ili atumiwe magunia mawili ya dagaa. Kwenye simu walizungumza habari za Kigoma. Kwenye ujumbe ulioandikwa lilibaki neno moja tu: dagaa.

Mzigo ulipofika, juu walikuwa wa Kigoma, weupe pee. Alipochimba mkono mpaka kiwiko akakuta ni wa Mwanza, na mchanga wao. Akapiga simu. Tajiri akamjibu kwa upole kabisa:

"Mdogo wangu, si uliagiza dagaa? Kwani hao si dagaa?"

Na ni kweli, walikuwa dagaa. Hakuna pa kushtaki. Jina lilimlinda tajiri, likamzamisha mtoto wa watu. Aliuza kwa bei ya Mwanza mzigo aliounua kwa bei ya Kigoma, na deni la dada yake analilipa mpaka leo kidogo kidogo. Siku hizi ana meza yake sokoni, na kila fungu lina kikaratasi: ziwa gani, mwalo gani. Wenzake walimcheka. Sasa na wao wameanza kuandika.

Na hili si suala la mfuko tu. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ziwa, uvuvi ukafungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Mtu anayedhani dagaa ni mmoja angesema: tatizo liko wapi, si wapo Mwanza? Lakini dagaa wa Mwanza hata wakijaa mpaka wamwagike, hawawezi kwenda kumzalia wa Kigoma. Kati ya wale wawili wa Kigoma, mmoja hapatikani ziwa jingine lolote duniani. Akiisha, neno "dagaa" litaendelea kuwepo sokoni, mafungu yataendelea kupimwa, na wengi wetu hatutajua kwamba kuna aliyekufa. Jina litakuwa limemzika kimyakimya.

UKIENDA TABORA

Haya, wewe unayepanga safari, chukua haya. Kunywa uji wa asubuhi na karanga za pale. Nunua asali, lakini ionje kwanza. Nenda Kwihara asubuhi kabla jua halijakomaa. Jioni kaa karibu na stesheni usikilize watu wanavyoulizana: wa Kigoma huyo, wa Mwanza yule, wa Mpanda hawa. Swali la mji ule tangu enzi za misafara ni hilo moja tu: wa wapi?

Na sokoni ufanye hivyo hivyo. Mwamkie mama vizuri, "mwangaluka" kama ni asubuhi, usikie atakavyofurahi. Chimba mkono mpaka chini ya gunia. Tazama pezi. Uliza ziwa. Ukitumiwa mzigo, andika jina kamili kwenye ujumbe, la ziwa na la mwalo, na ujumbe usiufute.

Mimi nilimpelekea shangazi kisado kimoja cha Kigoma na, bila kuagizwa, kimoja cha Mwanza. Vilikaa kwenye begi moja kutoka Tabora mpaka Dar, wenye jina moja wasiojuana, bega kwa bega kama abiria wa daraja la tatu. Shangazi alinusa mfuko wa kwanza, akatabasamu. Akanusa wa pili.

"Na hawa?"

"Dagaa, shangazi."

"Wa wapi?"

Wapenzi wasomaji, kumbe Temeke nako kuna wanaojua kuuliza. Tukutane wiki ijayo.